Majukwaa yanayosogea kwenye gemu za kuruka: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Ukurasa huu ni wa watu wa aina mbili. Kuna wanaomaliza roho zao zote kwenye lifti za Mario, na kuna wanaotengeneza lifti zao wenyewe kwa Godot au Unity, programu za kutengenezea gemu, kisha wanakuta mhusika kabaki hewani na jukwaa limeshaondoka. Maswali yao nimeyachanganya kwa makusudi, kwa sababu taabu zao zina chanzo kimoja: katika kila fremu, yaani kila picha moja ambayo gemu inachora, nani anasogea kwanza, na nani anambeba nani.

Jukwaa linalosogea ni lipi hasa?

Chochote cha kukanyagwa ambacho hakitulii mahali pamoja. Humo mna lifti ya kupanda na kushuka, kibao cha kwenda na kurudi, kigari cha reli, tofali linalodondoka ukilikanyaga, tofali linalotokea na kutoweka, na tofali la kusukuma. Mkanda kama wa kiwandani nao nauhesabu. Wenyewe hauendi popote, lakini wewe unakupeleka.

Umbo lake halina uzito sana. Chenye uzito ni kama jukwaa lina saa yake, linasogea uwepo usiwepo, au linausubiri mguu wako. Lenye saa yake unaweza kulisoma kwa kulitazama ukiwa salama ng'ambo. Linalosubiri mguu halisomeki mpaka ulikanyage, kwa hiyo mtengenezaji ana deni la kukuonya mapema kwa sura yake. Super Mario Bros. 3 ya mwaka 1988 ililipa deni hilo vizuri: matofali yake ya donati yana sura ya pekee, ukipita haraka hayana neno, ukisimama juu yake yanaanguka. Ukiliona moja tu, mengine yote umeshayajua.

Yalianza na gemu gani?

Kwa gemu iliyoenea kweli, jibu ni Donkey Kong ya Nintendo, 1981, kazi ya Shigeru Miyamoto. Mwaka mmoja kabla yake kulikuwa na Space Panic, yenye sakafu na ngazi, lakini mhusika wake hakuweza kuruka. Na bila kuruka, lifti ni ngazi inayojipandisha tu. Kuruka kulipoingia ndipo jukwaa linalosogea likawa swali la muda: niondoke sasa, au ningoje?

Donkey Kong ina steji nne, na ile iitwayo 75m ndiyo ya lifti. Kuna safu mbili za vibao, moja hupanda na nyingine hushuka. Ukizubaa ukabebwa hadi mwisho wa safu, unakufa. Halafu kuna sheria ambayo wengi waliijua kwa machungu: mhusika hufa hata akianguka kimo kidogo. Kwa hiyo kuchelewa kushuka kwenye kibao kinachopanda kunaua, hata kama chini yako pana sakafu nzima kabisa. Steji ya 50m nayo ina mikanda inayobadili mwelekeo bila kukuuliza.

Baada ya hapo mambo yalikwenda mbio. Pitfall! ya David Crane ilitoka 1982 ikiwa na kamba za kubembea juu ya mashimo. Manic Miner ya Matthew Smith, 1983, ilikuwa na sakafu zinazomomonyoka chini ya miguu. Septemba 1985 ikaja Super Mario Bros., na tangu hapo gemu ya kuruka isiyo na lifti inaonekana kama imesahau kitu.

Mbona lifti za Super Mario Bros. zote ni nyembamba na zinafanana?

Mashine ndiyo iliyoamua. Famicom, ambayo nje ya Japani iliitwa NES, na ambayo wengi wetu tuliijua kupitia zile TV game za kuiga zenye kaseti ya michezo lukuki, huchora vitu kwa njia mbili. Mandhari ya nyuma, pamoja na ardhi na matofali, hupangwa kwa vigae vya pikseli 8 kwa 8. Vigae hivyo vimeshikamana, na skrini inaposogea husogea vyote pamoja. Kitu chochote kinachotaka kwenda njia yake, kama Mario, adui au lifti, lazima kiwe spraiti, yaani kipicha kidogo kinachowekwa popote kwenye skrini bila kufungwa na vigae.

Spraiti nazo ni za kugawiwa kwa mkono wa birika. Mashine inaruhusu 64 kwenye skrini nzima, na 8 tu kwenye mstari mmoja wa kulala. Lifti kubwa ya Mario ni spraiti sita zilizopangwa ubavu kwa ubavu, yaani pikseli 48. Zinabaki mbili kwa mistari hiyo, zinazotosha adui mmoja. Wakifika maadui wawili kwenye kimo kilekile cha lifti, kuna kitu lazima kikatike au kianze kumetameta. Ndiyo maana lifti huwekwa peke yake juu ya shimo, na maadui wengi wanabaki kwenye ardhi ngumu.

Unene nao una hesabu yake. Lifti yenye kimo cha vigae viwili ingekula spraiti mara mbili.

Kutokana na ubahili huo Nintendo walipata njia rahisi ya kuongeza ugumu. Steji ya 5-3, yaani ya tatu katika dunia ya 5, ni ramani ya 1-3 iliyorudiwa, ila lifti zimepunguzwa spraiti mbili na kubaki pikseli 32, kisha zikaongezwa risasi zinazopita hewani. Mchezaji aliyeizoea 1-3 anaruka kwa mazoea, anatua pale ambapo zamani palikuwa na mbao, na pameshakuwa hewa tupu.

Ni kweli lifti za 1-2 zinaficha njia ya mkato?

Kweli. Lifti za mwisho kabla ya kutoka chini ya ardhi zinapanda bila kukoma: zikifika juu hupotea na kuanzia chini tena. Panda nazo, ruka juu ya dari la matofali, kisha tembea kulia juu ya dari hilo, ulipite bomba la kutokea. Utafika kwenye mabomba matatu ya kwenda dunia ya 2, 3 na 4.

Ukiwa huko mbele, kwenye 4-3, utakutana na lifti za mizani: vibao viwili vilivyofungwa kwa kamba moja kupitia kapi. Ukikanyaga kimoja, kinashuka na mwenzake anapanda. Ukikaa sana kamba inakatika, vyote viwili vinaanguka. Unapewa pointi 1000 kwa kukata kamba, zawadi nzuri kwa anayewahi kuruka.

Kwenye ardhi naruka vizuri. Kwenye jukwaa linalokwenda na kurudi naanguka kila mara. Nakosea wapi?

Karibu kila anayeuliza hivi anaruka jukwaa likiwa limeshafika karibu kabisa. Inaonekana salama, maana umbali ni mdogo. Lakini likiwa karibu kabisa, liko ukingoni kugeuka. Wewe uko hewani, lenyewe linaondoka. Ruka likiwa bado linakuja: utakapotua litakuwa ndiyo linafika, na utakuwa na muda wa kupumua.

Kabla ya yote, simama utazame mzunguko mmoja mzima. Angalia linageuka vipi. Mengine hupunguza mwendo taratibu kwenye ncha kisha huongeza tena. Hayo yana utulivu mrefu mwishoni, na ndipo pa kupandia na kushukia. Mengine hukimbia kwa kasi moja na kugeuka ghafla kama limegonga ukuta. Hayo usiyaamini ukingoni.

Macho yawe pale unapotua. Mhusika wako unajua aliko, hana haja ya kutazamwa. Ukishatua, achia vitufe vya kushoto na kulia kabisa. Wachezaji wengi wageni hufa sekunde moja baada ya kutua salama, kwa kuhangaika kujiweka sawa wakati jukwaa lilikuwa linawabeba bila tatizo.

Kuna jukwaa moja ambalo ushauri wangu wa kutulia haufai: vibao vya reli kwenye steji ya Guts Man, Mega Man ya 1987. Reli ina sehemu zilizokatika, na kibao kikifika hapo kinainama na kukudondosha. Dawa ni kuruka wima kabla ya pengo, kibao kipite pengo bila wewe, kisha utue juu yake tena. Na hapo ndipo steji hiyo inapoanzia! Sidhani kama ni uungwana kumfundisha mtu jambo jipya juu ya shimo lisilo na chini, lakini ndivyo zilivyokuwa gemu za miaka hiyo.

Matofali yanayotokea na kutoweka ya Mega Man yana fomula?

Yana mpangilio usiobadilika. Hayana bahati nasibu, ingawa ukiwa katikati yake utaapa kwamba yana. Kila tofali linapotokea linatoa mlio, na mlio huo ndio wa kushika: sikiliza mpigo, hesabu, kisha ruka kwa kufuata sikio kuliko jicho. Mara nyingi unatakiwa kuruka kabla hujaliona tofali unalolielekea.

Kwa Mega Man 2 kuna mlango wa nyuma. Steji ya Heat Man ina safari ndefu ya matofali hayo. Mshinde Air Man kwanza, upewe Item-2, kibao chako mwenyewe kinachoruka mbele kwa mstari ulionyooka, upite juu ya balaa lote. Wako watakaosema huo ni woga. Kifaa kimewekwa kitumike.

Pipa la Sonic 3 linalozuia njia, Carnival Night, napitaje?

Usiruke juu yake. Bonyeza juu na chini kwenye pedi kwa kufuata mwendo wa pipa: linapopanda shika juu, linaposhuka shika chini. Pipa litazidi kupanda na kushuka mpaka upate nafasi ya kupita chini yake.

Pipa hili, la 1994, lilikwamisha watoto dunia nzima, na linastahili lawama zake. Mapipa mengine kabla yake hujibu ukiruka juu yake. Hata hili, ukiruka linasogea kidogo, kwa hiyo mchezaji anaamini yuko kwenye njia sahihi na anachohitaji ni kuruka kwa ustadi zaidi. Anaruka mpaka dakika kumi za steji zinakwisha na Sonic anakufa kwa muda. Jukwaa lisilojibu kabisa lingekuwa na huruma zaidi, maana angejaribu kitu kingine.

Nikiruka kutoka kwenye jukwaa lililo kwenye mwendo, naondoka na kasi yake?

Konda wa daladala anayeshuka kabla gari halijasimama hukimbia hatua mbili tatu mbele, kwa sababu mwili wake bado una mwendo wa gari. Kwenye gemu, hilo ni uamuzi wa mtengenezaji, na gemu zimeamua tofauti. Mario wa 1985 haondoki na kitu: lifti inamsogeza akiwa juu yake, akiruka anabaki na kasi yake mwenyewe tu.

Celeste ya 2018 imekwenda upande wa pili kabisa. Kwenye sura ya kwanza kuna matofali ya reli yenye taa kama za barabarani. Ukiyagusa yanachomoka kwa kasi. Ukiruka yakiwa yanakimbia unarushwa mbali kuliko mguu wako ungeweza. Tena gemu inakukumbukia kasi hiyo kwa muda mfupi hata baada ya tofali kusimama, ili kidole kilichochelewa kidogo kisikose zawadi. 

Ukitengeneza ya kwako, piga hesabu kabla ya kuchora ramani. Tuseme mhusika anakwenda pikseli 120 kwa sekunde na mruko wake unakaa hewani sekunde 0.6. Kutoka ardhini anafika pikseli 72. Akiruka kutoka kwenye jukwaa linalokwenda mbele kwa pikseli 40 kwa sekunde, na anarithi kasi, anafika 96. Akiruka kuelekea mbele huku jukwaa linarudi nyuma, anafika 48 tu. Kitufe kilekile, mruko uleule, na matokeo yamepishana mara mbili. Ukiamua kurithisha kasi, pengo lako lazima livukike kwa hesabu mbaya zaidi, au mchezaji aone wazi kwamba anatakiwa kungoja. Wengi hurithisha kasi ya mbele na ya juu, lakini si ya chini, ili lifti inayoshuka isiue mruko. Nakubaliana nao.

Nimetengeneza jukwaa, linasogea, lakini mhusika anabaki palepale mpaka anaanguka. Kwa nini?

Kwa sababu hakuna aliyemwambia kompyuta kwamba kusimama juu ya kitu ni kubebwa nacho. Msuguano unaoujua wewe haupo kwenye msimbo wako mpaka uuandike.

Njia safi kuliko zote ninazozijua ni ile ambayo Maddy Thorson, mtengenezaji wa TowerFall na Celeste, aliieleza hadharani. Dunia ya gemu inagawanywa sehemu mbili: vitu vigumu, kama jukwaa, na watendaji, kama mhusika na maadui. Mtendaji akisogea hukagua kama kuna kitu kigumu mbele na kusimama. Kitu kigumu kikisogea hakisimamishwi na mtendaji yeyote. Watendaji ndio wanaokipisha.

Utaratibu wake ndani ya fremu ni huu. Kabla jukwaa halijasogea hata pikseli moja, andika orodha ya wote waliosimama juu yake. Ukilisubiri lisogee kwanza, utauliza nani yupo juu na jibu litakuwa hakuna, maana limeshawatoka chini ya miguu. Kisha lisogeze, huku kwa muda huo likiwa haligongwi, ili abiria wake wasikwame ndani yake. Halafu pitia watendaji: aliyeingiliwa na jukwaa anasukumwa hadi ukingoni mwake, asiyeingiliwa lakini yumo kwenye orodha anabebwa umbali uleule. Kusukuma kunatangulia kubeba. Ukiyageuza, abiria aliyeko kwenye kona atahesabiwa mara mbili na kuchomoka kama jiwe la manati.

Fanya hivyo kwa mlalo kwanza, kisha kwa wima.

Natumia Godot. Nifanye hayo yote kwa mkono?

Hapana. Kwenye Godot 4 jukwaa liwe AnimatableBody2D na mhusika awe CharacterBody2D anayesogezwa kwa move_and_slide. Kubebwa kunakuja bure. Wengi hutumia StaticBody2D kwa jukwaa na kulisogeza kwa kubadilisha nafasi. Injini inaamini kitu hicho hakina kasi, hivyo hakimbebi mtu.

Kama unalisogeza kwa AnimationPlayer, ibadilishe iendeshwe kwa mapigo ya fizikia badala ya fremu za picha, la sivyo mhusika atatetemeka. Suala la kurithi kasi nalo lina kitasa chake kwa mhusika, kiitwacho platform_on_leave: arithi kasi yote, arithi bila ile ya kushuka, au asirithi kitu. Kisipoguswa, anarithi yote.

Kwenye Unity wananiambia nimfanye mhusika mtoto wa jukwaa. Ni sawa?

Inafanya kazi kwa mradi wa wikendi. Matatizo huja baadaye: mhusika mwenye Rigidbody2D anayeendeshwa na fizikia hamfuati mzazi wake vizuri, na kama jukwaa limevutwa skeli isiyo sawa kisha linazunguka, mhusika anapinda pamoja nalo. Afadhali jukwaa liwe Rigidbody2D ya aina ya kinematiki, lisogezwe ndani ya FixedUpdate, na kasi yake iongezwe kwenye kasi ya mhusika aliyesimama juu yake.

FixedUpdate ya Unity, usipoigusa, hupiga kila sekunde 0.02, yaani mara 50 kwa sekunde, wakati skrini nyingi huchora mara 60. Washa intapolesheni, yaani kulainisha mwendo kati ya mapigo ya fizikia, kwa vyote viwili, jukwaa na mhusika. Ukiwasha kwa kimoja tu utaona miguu inaogelea juu ya mbao.

Lifti ikishuka, mhusika anadundadunda, na wakati mwingine kitufe cha kuruka hakishiki.

Lifti inashuka haraka kuliko mvutano unavyomvuta mhusika katika fremu moja. Anabaki hewani kidogo, anaanguka, anagusa, anaachwa tena. Katika fremu za hewani gemu inasema hayupo chini, kwa hiyo inakataa kuruka.

Tiba ni mbili, na utahitaji zote. Mshikize mhusika kwenye sakafu: kama alikuwa amesimama fremu iliyopita na hajaruka, mvute chini pikseli kadhaa mpaka aguse. Godot ina floor_snap_length kwa kazi hiyo; inaanza ikiwa pikseli 1, ndogo mno kwa lifti ya kasi. Pili, ruhusu kuruka kwa muda mfupi baada ya miguu kuachana na sakafu. Celeste hutoa sehemu ya kumi ya sekunde, na hakuna mchezaji anayehisi kwamba anasaidiwa.

Jukwaa langu linatetemeka likienda polepole.

Pengine linakwenda pikseli 1.5 kwa fremu, na kila kitu kinakadiriwa upya kwa njia yake: jukwaa linakadiriwa kuwa 2, mhusika 1, kamera kitu kingine. Weka nafasi za vitu kuwa namba kamili. Sehemu iliyobaki itunze pembeni kama akiba, na ikifika pikseli nzima ndipo usogeze. Abiria wabebwe kwa pikseli zilezile kamili ambazo jukwaa limesogea, wasifanyiwe hesabu yao wenyewe.

Mhusika akibanwa kati ya jukwaa na ukuta, afe?

Afe, lakini baada ya kujaribiwa kuokolewa. Celeste kabla ya kuua hujaribu kumsogeza mhusika pikseli chache huku na huku kuona kama ataenea mahali. Bila hatua hiyo utamuua mchezaji aliyeguswa na kona ya tofali kwa pikseli moja, na atakuwa na haki ya kukasirika.

Usimwache hai ndani ya ukuta. Huko ndiko wanakozaliwa wahusika wanaopenya ramani.

Jukwaa la kupitia kwa chini mbona linanidaka katikati ya mwili?

Kwa sababu unakagua kitu kimoja tu, kwamba mhusika anaanguka. Kagua pia kwamba fremu iliyopita miguu yake ilikuwa juu ya uso wa jukwaa. Na jukwaa likiwa lifti, linganisha na mahali uso huo ulipokuwa fremu iliyopita, maana nao umesogea. Kwenye Godot kuna kisanduku cha kuweka tiki kwenye umbo la mgongano. Unity ina PlatformEffector2D.

Zamani Sonic wa kwenye TV yetu alikuwa mzito. Ni kumbukumbu tu?

Huenda kumbukumbu yako iko sahihi. Televisheni za Kenya na Tanzania zilifuata mfumo wa PAL, wenye picha 50 kwa sekunde, wakati Japani na Marekani walikuwa na NTSC, picha 60. Gemu za miaka hiyo zilihesabu mwendo kwa fremu, hivyo nyingi zilipohamishiwa mashine za PAL bila kurekebishwa zilipungua kasi kwa karibu asilimia 17, muziki nao ukavutika. Sonic ya 1991 ni mmojawapo wa mifano inayojulikana.

Kwa mruko wako haikubadilisha kitu, maana kila kitu kilipungua kwa pamoja. Tatizo la leo ni baya zaidi: ukihesabu jukwaa kwa muda halisi na mhusika kwa fremu, simu ya bei nafuu inayochora fremu 30 itafanya jukwaa liwe na kasi ileile na mhusika awe nusu ya kasi. Ramani yako haitavukika kwenye simu hiyo. Vyote viwili viende kwa saa moja.

Mizunguko ya majukwaa niipange vipi?

Chukua majukwaa mawili ambayo mchezaji lazima ayavuke kwa mfululizo. La kwanza linamaliza mzunguko kwa sekunde 3, la pili kwa 4. Hali ileile nzuri ya kuvuka itajirudia kila sekunde 12. Aliyeikosa anasimama sekunde 12 akitazama mbao. Badilisha la pili liwe sekunde 6, na kungoja kunashuka hadi 6. Yote mawili yakiwa 3, kunabaki 3. Namba zinazogawanyika ni rafiki yako.

Kungoja si ugumu. Nikiona lifti ya polepole yenye safari ndefu na hakuna cha kufanya juu yake, najua mtengenezaji alitaka kurefusha steji. Mtupie mchezaji kitu njiani, sarafu au risasi, au fupisha safari. La sivyo fanya kama Celeste: tofali linalala mpaka uliguse, hivyo mwenye haraka hangoji mtu.

Jambo jingine: mchezaji akifa na kuanza upya, majukwaa yaanze upya pamoja naye, kutoka nafasi ileile. Yakiendelea na saa yake, alichojifunza kwenye kifo kilichopita hakimsaidii.

Gemu yangu ni ya simu. Kuna la kubadilisha?

Lipo. Kidole gumba kwenye kioo hakihisi ukingo wa kitufe, na kinafunika sehemu ya skrini. Panua majukwaa kuliko ungefanya kwa pedi, weka njia ya kutua mbali na pembe za chini, na ongeza kidogo muda wa kuruka baada ya kuachana na sakafu. Kubali pia kitufe kilichobonyezwa kabla ya kutua: kikumbuke kwa sehemu ndogo ya sekunde na umrushe anapogusa mbao.

Jaribu juani, mwanga wa skrini ukiwa nusu. Jukwaa la kijivu juu ya mandhari ya kijivu, lililopendeza sana kwenye kompyuta yako usiku, halitaonekana kabisa kwa mtu aliyekaa kituoni saa saba mchana.